Ubao wa Tano Kutoka Chini

Mchungaji ameniomba niseme kwa upole. Nimemwambia nitajaribu, lakini wanaonijua wanacheka huko nyuma, nawaona. Upole sikuzaliwa nao. Nimekuja kushuhudia, na nitashuhudia na hasira zangu, maana Mungu alinitoa majini pamoja nazo.

Jina la mtu sitataja. Mwaya ni ndogo, mtajua namsema nani. Lakini halitatoka kinywani mwangu.

Mashua mnaiona pale ufukoni. Nyeusi, haina rangi, tanga lina viraka. Watu wananifuata baada ya ibada wananiambia, mama, umebarikiwa na chombo. Ndiyo, nimebarikiwa. Ila baraka ile tuliipata imelala ubavu kwenye majani kule Itungi, na panya wamezaa ndani yake.

Ilikuwa miaka ile kila kitu kilipoanza kuwa ruksa. Mradi wa uvuvi aliokuwa akifanyia kazi mume wangu ulifungwa. Wafanyakazi walipunguzwa, vyombo vikauzwa, na mume wangu akarudi nyumbani na kiinua mgongo na shati la mradi. Mimi ni Mkisi wa Ikombe, mfinyanzi, mtoto wa mfinyanzi. Vyungu vyetu tulivileta soko la Mwaya kwa mtumbwi, vichache vichache, na bei yake mnaijua: mteja anakijaza chungu mpunga, mpunga unakuwa wako, chungu kinakuwa chake. Tukasema tukiwa na mashua yetu tutaleta vyungu vya Ikombe nzima. Kiinua mgongo chote kikaingia kwenye ile maiti ya mashua.

Kuitengeneza akapewa baba mkwe, kwa kuwa ujanani alifanya kazi kwenye meli zilizokuwa zikitoka Itungi kwenda kusini. Ndugu zangu, nawaambia, hatukuwa na kitu. Misumari tuliing'oa kwenye makasha ya zamani tukainyoosha juu ya jiwe. Tanga tulilishona kwa maturubai ya mitumba na viroba vya mbolea. Ikafika zamu ya kalafati, ile pamba inayosokomezwa kati ya mbao maji yasiingie. Pamba ya kununua hakuna. Baba mkwe akaagiza godoro. Godoro langu la harusi, la sufi. Tukalichana, sufi tukaichovya kwenye lami, na mimi na mume wangu tukalala kwenye mkeka. Sikunung'unika. Niliona ninalalia mkeka kwa ajili ya kesho.

Kilichoniudhi ni rangi. Baba mkwe alitaka mashua iwe na rangi nyeupe na mstari wa buluu kama meli zake. Akataka kibanda cha bati nyuma, cha nahodha kujikinga na jua. Akataka kengele. Kengele, jamani, kwenye mashua ya kubebea vyungu. Na kila alichotaka kilitoka kwenye vyungu vyangu. Mzee wa dukani kule Kyela mjini, yule mwenye asili ya pwani aliyekuwa akituuzia rangi, aliniuliza, "Mama, mbao mmeshabadilisha?" Nikamwambia sijui, mimi nimetumwa rangi. Akatikisa kichwa, akanifungia kopo.

Sasa wageni mliotoka mbali nisikilizeni, msije mkapotea. Huku kwetu mke wa mtu hasemi na baba mkwe wake. Hamtazami usoni. Akija njiani unaingia migombani, unampa mgongo, unajifunika kanga mpaka apite. Ukiwa na neno unamwambia mumeo, au mama mkwe, naye atalipeleka. Ni heshima. Nimelelewa nayo, sikuichukia.

Siku moja wanaume walikwenda kula, nikabaki peke yangu nasugua mbao za mashua kabla hazijapakwa rangi. Mkono wa mfinyanzi hautulii. Sisi chungu hakiendi sokoni kabla hujakigonga kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia. Chenye ufa ndani, hata kama macho hayauoni, kinajibu kwa sauti ya kukwama. Basi nikaanza kugonga mbao. Hii inalia, hii inalia. Ubao wa tano kutoka chini, upande wa kushoto kuelekea nyuma, haukulia. Nikagonga tena. Kimya, kama nimegonga boga.

Nikamwambia mume wangu, ubao ule umeoza, tukipakia mzigo utazama chini ya maji na utatuua. Nilimwambia hivyo hivyo. Akaenda kwa baba yake. Mimi nimesimama nyuma ya jiko, nasikia. Mnajua alivyolifikisha? "Tata, hawa wanawake wanasema labda tuuangalie ule ubao, kama kuna nafasi." Labda. Kama kuna nafasi. Neno langu limetoka jikoni na pilipili, limefika uani limetiwa sukari.

Baba mkwe akajibu, "Nimekula miaka kwenye meli, leo nifundishwe mbao na mfinyanzi?"

Kesho yake ubao ukapakwa rangi nyeupe. Mimi ndiye niliyeshika kopo.

Tulikwenda Ikombe mashua ikiwa tupu, na tone la maji halikuingia, kwa sababu ikiwa tupu ule ubao uko juu ya maji. Baba mkwe akawa anaimba na kupiga kengele yake. Ikombe tukapakia. Vyungu vya kiangazi kizima, vyangu, vya mama yangu na vya majirani waliotuamini, vimepangwa juu ya majani makavu mpaka karibu na ukingo. Tukaondoka. Baba mkwe nyuma kwenye usukani, mume wangu kwenye mlingoti na kamba, na mimi mbele kabisa, nimewapa mgongo, kanga usoni.

Tulipokuwa mbali na ufuko nikahisi miguu imelowa. Nikainua majani, chini maji yanakimbia. Nikamwita mume wangu. Upepo umejaa kwenye tanga, akaniashiria kwa mkono nisubiri. Nikamwita tena. Maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Anayeshika usukani ni mmoja, na ni yule ambaye siruhusiwi kusema naye.

Nitawaambieni dhambi yangu, ndiyo niliyojia hapa. Nilinyamaza. Si kidogo. Nilikaa nikiyatazama maji yanapanda, najua kila kitu, na nimefunga mdomo kwa heshima. Hilo silisamehe mpaka leo.

Kisha nikageuka. Nikavua kanga kichwani, nikamtazama baba mkwe machoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikamwambia kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "Geuza, turudi ufukoni. Ubao wako umeoza, tunazama."

Ndugu zangu, unamwambia mtu anazama, unategemea ageuze chombo. Yeye aligeuza uso. Mkwe wake kamtazama, kwa hiyo akauficha uso kwa mikono yake miwili. Na mikono miwili ikiwa usoni, usukani nani kaushika?

Mashua ikazunguka. Tanga likavuka upande wa pili kwa nguvu na ule mti wake ukampiga mume wangu kichwani. Vyungu vikaserereka upande mmoja, nikavisikia vinavunjika, kiangazi kizima kinavunjika, kisha maji yakaingia juu. Tulishika ubavu wa mashua. Nilimshika mume wangu kwa kola ya lile shati la mradi, damu inamtoka sikioni, mpaka wavuvi wa mitumbwi wakaja, wakatukokota ufukoni sisi na mashua. Hakufa mtu. Lakini mpaka leo ukimwita mume wangu upande wa kushoto hageuki. Sikio lile lilibaki ziwani.

Mnadhani wazee walipokaa walijadili ubao? Walinijadili mimi. Nimemtazama mkwe, nimempigia kelele, nimevua kanga. Nilipe ng'ombe. Mume amelala na kichwa kimefungwa, vyungu vya majirani viko chini ya ziwa, na kesi ni macho yangu. Tangu utotoni tumeimbiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia je, guu la nani huvunjika? Niliwauliza hivyo. Wakasema nimezidi kuharibika.

Sikulipa. Mume wangu alipoweza kusimama nilimkabidhi kwa mama yake, nikarudi Ikombe kwa mama yangu. Nikaanza kufinyanga ili niwalipe majirani vyungu vyao. Nilifinyanga kwa hasira, na vingi vilipasuka motoni, maana udongo haupendi mkono wenye ghadhabu. Sikusali miezi ile, mchungaji anisamehe. Niliapa kwamba Mwaya sitaikanyaga.

Basi siku moja nachoma vyungu, nikaona mtu anakuja kwa ile njia ya miguu ya kandokando ya ziwa. Mzee, amebeba kitu begani. Nilipomtambua nikainuka niondoke, miguu ilijiinukia yenyewe kwa mazoea.

"Usigeuke," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu. Akashusha mzigo. Ulikuwa ubao wa tano. Ameubandua mwenyewe, ameubeba kutoka Mwaya mpaka Ikombe. Akauvunja kwa mkono mtupu, bila shoka. Ndani ulikuwa unga.

"Ndio uliousema," akasema.

"Niliusema kabla ya rangi."

"Ndiyo."

Nilimwambia hivi: "Siku nyingine neno langu halipiti kwa mtu. Likitoka kwangu, lifike kwako."

Mama yangu akamletea maji, akanywa. Kisha akasema, "Ng'ombe wa wazee nimeshamtoa mimi. Nimewaambia kosa ni langu, niliacha usukani. Njoo uigonge mashua. Mimi sikio hilo sina."

Hakusema pole. Sikumdai. Nilikuwa bado na hasira, na nilirudi nikiwa nayo, nikitembea mbele yake kwenye njia, si nyuma.

Tukaanza upya. Kibanda cha bati kikauzwa, na kengele nayo ikauzwa, niliipeleka mwenyewe. Tulipata mbao mpya chache, na kila ubao niliugonga palepale kwa muuzaji kabla haujapakiwa. Wauzaji walinuna. Baba mkwe akawaambia, "Mwacheni, ndiye fundi." Mzee wa dukani Kyela akatupa misumari mizuri, akasema tutaleta mpunga tutakapoweza. Mama mkwe akatoa godoro lake la sufi bila kuombwa. Tanga tukalipunguza. Rangi hatukupaka hata tone, ni lami tu. Majirani wa Ikombe vyungu vyao vimerudi vyote, cha mwisho nilikikabidhi mwenyewe mlangoni.

Kwa hiyo nashukuru. Nawashukuru wavuvi wa mitumbwi, mama yangu, mama mkwe, mzee wa duka. Namshukuru mume wangu, ambaye sasa akipeleka neno la mtu hulipeleka na pilipili zake. Na yule mzee aliyekaa benchi la mbele, ndaga fijo, asante sana. Anaona ninamtazama. Haufichi uso.

Akina mama, mabinti mlioolewa juzi, heshima ishikeni, lakini ukigonga ukasikia pabovu, sema. Sema kwa anayeshika usukani, usoni kwake, kabla ya rangi. Na ninyi akina baba, mkiambiwa, mikono ibaki kwenye usukani.

Siku hizi mzee haruhusu mashua isukumwe majini kabla sijagonga. Anasimama mchangani, watu wote wakisubiri, ananiuliza, "Inasemaje?" Nami namjibu.

Nimeigonga leo asubuhi kabla ya kuja kanisani. Kuna ubao upande wa kulia haukunijibu vizuri. Nimeshamwambia. Ninyi mliopanga kusafiri nasi kesho, fungueni mizigo yenu. Kesho hatuendi.