Chumba cha Kusikilizia Kisigeuzwe Stoo: Risala ya Mafundi wa Spika kwa Mkurugenzi Mpya

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu mpya, karibu karakanani. Tumezima mashine zote ili tusikilizane. Ukisikia mtu anakohoa, ni vumbi la mbao tu, tumelizoea.

Kabla ya mengine tunakushukuru kwa jambo moja. Wiki yako ya kwanza hukujifungia ofisini. Uliingia humu, ukamuuliza kila mmoja anafanya nini, ukaandika majibu. Katika miaka kumi na sita, wewe ndiye mkubwa wa kwanza kushika kalamu mbele yetu. Ndiyo maana risala hii tumeiandika kwa takwimu.

TULIKOTOKA

Karakana hii ilianza na spika ya aina moja, ile kubwa inayofika kiunoni. Kwa miaka mingi ilijiuza yenyewe. Kisha mauzo yakaanza kushuka, na katika miaka sita yamepungua kwa zaidi ya nusu. Ofisi ya mauzo ilisema watu wamehamia kwenye simu, basi. Tuliamini, maana hatukuwa na jibu jingine.

Aliyekataa kuamini ni mpimaji wetu wa sauti, tunayemwita Bi Sikio. Yeye husikiliza kila spika kabla haijafungwa kwenye boksi. Huipeleka chumba cha kusikilizia, akaweka kiganja nyuma ya sanduku lake, akatulia. Siku moja mwalimu mmoja alirudisha spika ile ile kwa mara ya pili. Bi Sikio akaibeba, akamfuata nyumbani.

"Washa mwenyewe, dada," mwalimu alimwambia. "Mtangazaji simsikii, ila mlango wa kabati unavyotetemeka nausikia vizuri kabisa."

Mama mkwe wake akadakia kutoka chumbani: "Hilo dubwana limerudi? Safari hii lilipe kodi, maana linakaa nafasi ya watu wawili!"

Bi Sikio aliporudi alituambia, "Jamani, spika ni nzima. Tumekosea chumba."

Kosa ni letu na tunalikiri. Chumba chetu cha kusikilizia ni kipana, kina zulia na mapazia mazito. Sebule ya mwalimu ina sakafu ya vigae, na nusu yake imekatwa kwa mbao ili mama mkwe apate pa kulala. Spika imebanwa kwenye kona, na kona huikuza besi hadi ikameza maneno. Tulikuwa tunapimia sebule ambazo wateja wetu hawana tena.

TULIYOYAFANYA

Bi Sikio alituongoza kutembelea nyumba sitini na mbili, siku zetu za mapumziko. Katika arobaini na moja, sebule imepungua au imegawanywa. Wateja thelathini walisema wanavaa vipokea sauti vya masikioni kwa sababu ya jirani wa ukuta wa pili, si kwa kupenda. Karibu wote wana televisheni nyembamba ambazo maneno yake hayasikiki vizuri. Wasiojali sauti kabisa walikuwa saba.

Tukatengeneza spika ndogo ya kuegemezwa ukutani. Bi Sikio aliijaribu kwa mwalimu mara kumi na moja, mpaka mama mkwe akasema, "Haya, hii ikae." Ile kubwa, moja kati ya kila sita ilikuwa inarudishwa. Kati ya ndogo mia mbili za kwanza, zimerudi tatu.

YANAYOTUKWAZA

Tumearifiwa kuwa mwisho wa mwezi chumba cha kusikilizia kitakuwa stoo, na kazi ya Bi Sikio itafanywa na mashine ya kupimia. Mashine hatuipingi. Inapima kwa dakika moja, yeye anatumia ishirini. Tuliwashindanisha kwa spika arobaini. Mashine ilipitisha zote, Bi Sikio akakataa mbili. Tulizifungua. Ya kwanza, ubao wa nyuma haukuwa na gundi upande mmoja. Ya pili haikuwa na kasoro yoyote, hapo alikosea. Lakini wazo la kumfuata mwalimu nyumbani lilikuwa lake, na spika inayotulisha leo imetokana na safari ile.

OMBI LETU

Kabla hujasaini agizo hilo, tunaomba chumba kibaki. Kitolewe zulia na mapazia, kiwekewe vigae na ukuta wa mbao katikati; kazi hiyo tutaifanya wenyewe. Na Bi Sikio abaki humo, mashine iwe pembeni yake. Tulipomsomea rasimu hii alisema, "Ombeni chumba, mimi niacheni." Tulipiga kura. Wote kumi na nane tulimkatalia.

Mungu akupe afya, utulivu wa moyo na watu wa kukwambia ukweli. Bi Sikio humwoni hapa kwa sababu spika kumi na nne za leo hazijapimwa, naye hakubali zitoke hivyo. Mlango wake ni huo ulio kushoto kwako. Tumekuwekea kiti ndani.

Ni sisi,
Mafundi Kumi na Nane wa Karakana ya Spika