Mzee Qiao na Siku za Kuchoma Karatasi

Wasikilizaji wapendwa, Mzee Qiao Shougen alifariki Jumanne, akiwa na miaka themanini na moja. Ndiye aliyehesabu upya wafu wetu wa vita vya Wajapani. Na mimi, Hou Jinsuo, ndimi niliyemcheka, hapa hapa redioni.

Hakusoma sana. Alikuwa mpima nafaka kwenye ghala la wilaya. Alipostaafu, alianza na jiwe la kumbukumbu lililo karibu na daraja. Jiwe linasema Wajapani waliua watu mia mbili na kumi na wanne kwa siku moja, mwaka 1940, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa nane kwa kalenda yetu ya mwezi mwandamo. Mia mbili na kumi na wanne. Nimeisoma hewani kila mwaka.

Mzee Qiao alipita nyumba kwa nyumba na swali moja: marehemu wenu mnamchomea karatasi lini? Siku ya kifo, ambayo kila mwaka tunamchomea marehemu karatasi ziwe pesa zake huko aliko, nyumba haiisahau. Waliouawa siku moja huchomewa siku moja.

Bibi Kang alimfokea mlangoni. "Rudi kwenye magunia yako! Wafu wangu si mtama!"

"Siku tu, shemeji."

"Mwezi wa tisa, tarehe kumi. Haya, kunywa uji wako uondoke."

Mwezi wa tisa. Shambulio lilikuwa la mwezi wa nane.

Kazi hiyo ilimchukua miaka sita. Waliouawa siku ile ni mia moja thelathini na mmoja. Sitini na sita walikufa baadaye, mapangoni walikokimbilia, kwa kuhara, maana walikunywa maji ya bwawa la mifugo. Majina kumi na saba yaliyobaki kwenye jiwe ni marudio, ya wanawake walioandikwa mara mbili, kwa baba zao na kwa waume zao.

Nilipopata habari nilisema hewani: "Mpima nafaka sasa anapima wafu, na kila akipima wanapungua!" Watu walicheka sana. Kesho yake alikuta maji machafu yamemwagwa mlangoni kwake.

Alikuja hapa studio. Nilidhani amekuja kugomba.

"Mwanangu Jinsuo, babu yako mnamchomea lini?"

"Mwezi wa tisa, tarehe tatu," nikajibu.

Akaandika. Akaniangalia kidogo, akaaga.

Wasikilizaji wapendwa, jina la babu yangu liko kwenye jiwe lile. Tangu utotoni nimeshika kiberiti siku hiyo, wiki mbili baada ya shambulio. Nilijua. Na bado, kwa miaka minne mingine, niliisoma hesabu ile ile.

Binti yake, Cuifen, ameniambia jana: "Baba hakuwatetea Wajapani. Alisema waliokufa kwa kuhara nao wameuawa na vita, lakini kila mtu apewe kifo chake mwenyewe. Alikuwa akifungua redio yako kila mwaka, siku ile. Akisikia namba, anaizima."

Cuifen, na ukoo wote wa Qiao, poleni. Sikumwomba radhi akiwa hai.

Nanyi mnaonisikiliza, ulizaneni leo mezani: wetu alikufa lini, na kwa nini? Mimi naanza. Watu mia moja tisini na saba. Mmoja wao ni Hou Wancang, babu yangu. Hakupigwa risasi. Alikufa kwa kuhara, pangoni, mwezi wa tisa, tarehe tatu.