Mama Msasa na Chuma Kisichoonyesha Kiungo

Dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Msasa, alizaliwa tarehe 9 Juni 1962 katika nyumba ya mwisho kabla ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi baiskeli na mshona nguo. Mama alitusimulia kwamba tangu uchanga hakukubali kulazwa kwenye shuka lenye mkunjo. Anayewasomea haya ni kitinda mimba wa nyumba hiyo, na anathibitisha kuwa tabia hiyo haikuisha. Kitanda cha kila mmoja wetu kilitandikwa mara mbili kila asubuhi, kwanza na mwenyewe, kisha na dada.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1976, na miaka mitatu baadaye akapelekwa chuo cha ufundi kujifunza cherehani. Muhula wa pili mwalimu alimkuta karakana ya chuma, ng'ambo ya ukumbi, kashika msasa na kajaa vumbi mpaka kope. Baba akaitwa. Alisikiliza mashtaka yote, kisha akasema, "Mwacheni tu. Nyumbani sufuria za kusugua zimemwishia."

Mwaka 1983 aliajiriwa katika karakana ya vitanda na mageti, nyuma ya ghala la mbao. Kazi yake ilikuwa kulainisha chuma baada ya kuchomelewa: kujaza mashimo kwa pati, kuisugua, na kuhakikisha kiungo hakionekani. Mwaka 1995 karakana ilinunua tanuri la rangi ya unga, ile inayopulizwa ikiwa kavu, ikanaswa na umeme kwenye chuma, kisha ikaokwa hadi iyeyuke. Dada akajaza viungo vya milango ya kwanza kwa pati ya gari, kama walivyozoea. Milango ilitoka tanurini imeota malengelenge kama kisigino kilichovaa kiatu kipya. Bosi alitaka ipakwe tena juu kwa juu ikapelekwe. Dada alikataa katakata, akaikwangua yote mpaka chuma kikawa cheupe, akaanza upya kwa pati yenye unga wa chuma, inayostahimili moto na kupitisha umeme. Kosa lile hakulificha kamwe. Kila fundi mgeni alianza kazi kwa kusimuliwa, na mwishoni aliambiwa, "Pati ya gari ni ya gari. Gari haliokwi."

Namna yake ya kukagua ilijulikana. Alifumba macho, akatandaza kitambaa chepesi juu ya chuma, akapitisha kiganja taratibu, kwenda na kurudi. "Jicho lina huruma," alikuwa akisema. "Kiganja hakina." Sifa hakuzipenda; mtu akimwambia kazi ni nzuri aligeuka kutafuta msasa. Neno moja tu lilimfanya atabasamu siku nzima, nalo ni pale mteja alipolizunguka geti na kuuliza, "Mmeunga wapi?"

Alifunga ndoa tarehe 13 Desemba 1986 na mchomeleaji wa karakana hiyohiyo. Uchumba ulianza siku alipomfuata na fremu ya kitanda akamwuliza, "Kaka, hapa umechomelea au umepiga chafya?" Shemeji hudai hadi leo kwamba yale matuta aliyaacha makusudi ili dada arudi kumgombeza. Shemeji, tunakuheshimu, lakini yale matuta tuliyaona. Mungu aliwajalia watoto watatu, na mwaka 2004 wakafungua karakana yao wenyewe. Mageti ya nusu ya mtaa huu yamepita chini ya kiganja chake, na sisi ndugu zake tunatembea humu kifua mbele.

Mwezi Agosti 2022 alipatwa na kiharusi, na mkono wa kulia ukafa ganzi. Hospitalini alipopata fahamu, kitu cha kwanza alichofanya ni kupapasa ubavu wa kitanda kwa mkono wa kushoto. Kisha akamwita muuguzi, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, aliyefanya hiki alikuwa na haraka." Tulicheka, lakini yeye alilia siku aliyojua kwamba kiganja cha kulia hakingesikia chuma tena. Aliendelea kutibiwa nyumbani, akiuguzwa na mume na watoto, hadi alipotutoka Jumamosi tarehe 3 Februari 2024, saa nne asubuhi.

Marehemu ameacha mume, wadogo watatu, wana wawili wa kiume, wajukuu watano, na binti, kifungua mimba wake, ambaye ndiye anayeendesha karakana sasa. Kuhusu binti huyu kuna jambo la kusema kabla hatujafunga.

Alifanya kazi chini ya mama yake miaka kumi na minane, na kwa miaka hiyo yote alisikia neno moja: "Bado." Wateja walimsifu, baba yake alimsifu, mama alipitisha kiganja na kusema bado. Baada ya kiharusi, binti alimwambia anayewasomea, "Mama mdogo, ninachoogopa ni aondoke hajaniambia nimefika." Mwezi Januari mgonjwa mwenyewe aliagiza kibao chake cha kaburi. "Msinilaze chini ya matuta," alisema. Shemeji akachomelea vipande viwili vya chuma, binti akajaza, akasugua, akapaka na kuoka, akakileta kitandani. Dada alifumba macho. Akaomba kitambaa. Mkono wa kushoto, uliokuwa mgeni wa kazi hiyo, ukapita kwenda, ukarudi, ukapita tena. Sote tuliokuwa chumbani tulikuwa tukisubiri lile neno lake, "Bado."

Akafumbua macho, akamtazama mwanawe, akamwuliza, "Umeunga wapi?"

Kibao hicho kiko hapa mbele yenu. Kabla hamjaondoka, kila mmoja apitishe kiganja. Dada yetu, pumzika sasa kwa amani ya Mungu, kazi imefika.