Fundi Jamaldin na Gari Lililozima Kila Ijumaa

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuinamia injini, Fundi Jamaldin Saif anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025 kutoka karakana yetu ya Salihina Madawa, Mbaraki. Wahariri wa jarida la wafanyakazi waliniomba mimi, Fahmi, dereva wa gari namba nne la kusambaza dawa, niandike wasifu wake. Nilikubali kabla hawajamaliza kuuliza.

Aliajiriwa Juni 1992 akiwa msaidizi wa fundi, akapanda hadi fundi wa injini, na tangu 2017 amekuwa msimamizi wa karakana nzima. Kila dereva anaijua desturi yake: hafungui boneti kabla hajamsikiliza mwenye gari. Lilizima ghafla au lilianza kukohoa? Lilikuwa limepata moto au lingali baridi? Stata inazungusha injini au inalia tiki tiki tu? Ukijibu kwamba hujui, unarudishwa ukakumbuke. Akishaipata hadithi yote huanza na yaliyo rahisi: betri na nyaya zake, mafuta, kisha cheche za plagi.

Siku moja gari la Bi Winnie wa idara ya oda, la gia otomatiki, lilikataa kuwaka hapa uwanjani. Mafundi wawili walikuwa wameshabadilisha betri na sasa wanailaumu stata. Jamaldin akafika na mahamri mkononi, akamuuliza Bi Winnie aliliegesha vipi, akachungulia ndani akakuta gia imeachwa kwenye D, ambapo gari la otomatiki haliwaki. Akairudisha P, gari likawaka, naye akamalizia mahamri yake. Majina ya mafundi wale nayahifadhi, maana mmoja wao ndiye atakayekuwa mshereheshaji siku ya kumuaga.

Lakini kisa ninachotaka kibaki ni cha mwaka 2014, nilipokaribia kufukuzwa kazi. Gari langu, kuukuu hata wakati ule, lilikuwa likizima kila Ijumaa kabla ya adhuhuri, katikati ya Ndia Kuu, tuktuk zikijipanga nyuma kwa honi na wenye maduka wakitoka kutazama. Likivutwa hadi Mbaraki linawaka bila tatizo. Ofisini wakasema gari la Fahmi nalo linaomba ruhusa ya Ijumaa. Mzaha ukageuka shutuma, na nikapewa barua: likizima mara nyingine, kazi sina. Niliogopa sana.

Jamaldin alikuwa ameshabadilisha pampu ya mafuta na kichujio, akatangaza mbele ya wote kwamba gari limepona. Ijumaa iliyofuata likazima, na meneja akakubali kwa shingo upande kunipa wiki moja ya mwisho. Basi Ijumaa ya wiki hiyo ya mwisho Jamaldin akashinda nami tangu asubuhi. Saa nne nikaosha gari, liwe safi kwa ajili ya siku yenyewe, nikafungua boneti na kuimwagia injini maji kama tulivyoagizwa. Nikaona uso wake umebadilika. Tulipokwama Ndia Kuu alifungua kile kifuniko kinachogawa umeme kwa plagi, akakikuta kimelowa ndani, kina ufa mwembamba kama unywele. Maji yalipenya hapo, injini ikipata moto mvuke unakata cheche. Baada ya saa moja panakauka, gari linawaka.

Agizo la kuosha injini kila wiki, ili oili inayovuja ionekane mapema, lilikuwa lake mwenyewe. Wenzangu waliosha Jumamosi jioni na magari yakalala yakakauka. Mimi peke yangu niliosha Ijumaa. Angeweza kubadilisha kifuniko akanyamaza. Badala yake alipanda ofisini na ovaroli lake lenye oili, akamwambia meneja mbele ya watu: "Ndimi n'lowambia waoshe. Kosa ni langu, si la Fahmi." Barua yangu ikachanwa palepale.

Nilichokuwa sikijui wakati ule ni kwamba wiki ileile wakubwa walikuwa wakichagua msimamizi wa karakana, na jina lake lilikuwa la kwanza. Cheo kikaenda kwa mwingine, naye akakingoja miaka mitatu. Hakunitajia hata siku moja. Nimeyasikia mwezi huu tu kutoka kwa Truphosa, fundi ambaye Jamaldin alimfunza mwenyewe na ambaye sasa anairithi karakana.

Fundi Jamaldin, karakana nzima inakushukuru kwa kazi yako. Mungu akujaalie afya, na mkeo Bi Lamis akupe japo wiki moja ya mapumziko kabla hajakuonyesha feni mbovu za nyumba ya Makadara. Kwangu mimi, kazi uliyoiokoa ndiyo iliyonioza na kunilelea watoto wawili. Jana usiku niliwaeleza ulichokitoa. Wanakuomba Jumapili uje ule nasi, wapate kukushika mkono.