Barua Kumi na Tisa za Mutuka

Mheshimiwa Mwenyekiti wa bodi ya zahanati zetu, Mganga Mfawidhi, wauguzi na wahudumu wa afya mliotoka Nakwa, Nangara na Mutuka, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mzee Herieli tunayekuaga leo: shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za mchana.

Kwanza naomba radhi. Niliambiwa niandike maneno haya tangu mwezi uliopita, nami nimeyaandika leo asubuhi, mtoto akiwa mgongoni na meno yanamsumbua. Mkiona karatasi ina madoa ya uji, mnivumilie.

Mimi ni Vailet, Mama Praygod. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Kompyuta nimefundishwa na Mzee huyu kwa miaka miwili. Kazi yetu ni seva ya barua pepe, ile inayopeleka majibu ya maabara kwa wahudumu wa afya mitaani. Barua ikifika, seva huuliza kanzidata, yaani daftari la majina lililo ndani ya kompyuta: huyu ni wetu? Sanduku lake liko wapi? Sasa kila zahanati ina kanzidata ya aina yake, na kila aina huulizwa kwa namna yake. Nakwa wanatumia MySQL, Nangara PostgreSQL, na Mutuka wana nyingine kabisa, ya zamani.

Mwaka jana, Mzee akiwa likizo, niliona nifanye usafi: nikayamwaga majina yote kwenye kanzidata moja. Kumbe wahudumu wengi wamejiandikisha kama tunavyoitana, kwa majina ya watoto wao. Mama Elibariki walikuwa wawili, mmoja wa Nakwa, mmoja wa Nangara. Wa Nangara akamfuta wa Nakwa, barua za wote wawili zikawa zinakwenda kwake. Muuguzi Rosalia wa Nakwa akanipigia.

"Wewe Mama Praygod, barua za mhudumu wangu umempelekea nani, mumeo?"

Nikacheka.

"Usicheke. Kuna kichanga hapa kimekaa siku nne bila dawa."

Mtoto yule alipona, na juzi nimemwona anatambaa. Lakini tangu siku ile sijacheka tena kwenye simu ya kazini.

Mzee aliporudi hakunigombeza. Alisema, "Watu usiwahamishe, binti yangu. Waache walikojiandikisha. Seva ndiyo tuifundishe kuuliza." Tukakaa, tukaandika mafaili mawili madogo, moja la kuwauliza Nakwa, moja la kuwauliza Nangara, na mpaka leo barua za kwao hazijapotea tena. Mwalimu wa subira ile, ndugu zangu, tutampata wapi mwingine?

Sasa Mzee wangu, sifa zako nimezisema, na mbele ya watu hawa hawa nitasema na lililobaki. Faili la tatu, la Mutuka, hukuliandika. Kila nilipokuuliza ulinijibu, "Lipo kichwani." Mzee, kichwa hicho kinastaafu leo! Mutuka wameingia kwenye mtandao wetu Jumatano, na tangu hapo barua kumi na tisa zimekwama kwenye foleni, kwa sababu seva inabisha hodi kwenye kanzidata uliyoiweka wewe peke yako, na mlango haufunguki. Itazishikilia siku tano, kisha itazirudisha maabara. Siku ya tano ni Jumatatu. Sizifungui, si zangu. Lakini kila nikikaa kumnyonyesha huyu, nazihesabu upya. Kati ya hizo kumi na tisa, ni ngapi za vichanga?

Godoro na redio tulizokupa ni za kupumzikia, na kupumzika unastahili. Ila usianze kesho. Anza Jumatatu.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Mzee, kesho ukifika Mbulu, kabla hujafunga kitanda, nitumie hivi: daftari lako la kijani la kumbukumbu za kazi, lililoondoka na mizigo yako Jumanne, flashi yenye programu ndogo ya kuiunganisha seva na kanzidata ya Mutuka, na kwa mwandiko wako, jina la jedwali lenye anwani za wahudumu wao. Mpe kondakta wa basi la Jumapili asubuhi, nitakuwa stendi na mtoto mgongoni. Nenosiri, lile la kusoma tu, lisiloweza kubadilisha kitu, usiliandike popote. Nipigie, nitapokea hata nikiwa kanisani.