Sweta la Mama Matambara

Mawifi zake walimbandika jina la Mama Matambara, kwa kuwa alinunua masweta makuukuu, akayafumua na kufuma mapya. Siku ya kwanza kutoka amevaa moja, abiria mwenzake kwenye treni, mama mmoja mtu mzima, alimshika mkono wa sweta bila hodi.

"Samahani, dada. Mimi nina duka la nyuzi. Sufu hii umeitoa wapi? Hapa mjini haipo."

"Kwenye gunia la mitumba. Masweta mawili, kwa bei ya donge moja la uzi dukani kwako."

"Usinitanie. Uzi uliokwisha kufumwa hujikunjakunja."

"Ndiyo maana naufua, kisha nauanika nikiufungia jiwe chini mpaka unyooke."

Mwenye duka akavaa miwani, akakagua kitanzi kwa kitanzi kama anayetafuta chawa. Hakuambulia kitu. Mama Matambara alitulia tuli, akihisi miaka miwili ya kuchekwa ikimtoka mwilini.

Treni ikasimama. "Bado sijakubali," alisema mwenye duka, akiwa bado ameushika mkono wa sweta.

"Usikubali, mama, ila niachie. Nimefika."