Rébecca Anaazima Muujiza

Scholastique: Haloo? Haloo, nani anaita asubui hivi? Hii namba siijue.

Rébecca: Yaya Schola! Ni mi, mudogo wako! Ni telefone ya bwana yangu Osée, yangu haina unité ya kupiga.

Scholastique: Rébecca! Kuko nini? Nani anagonjwa?

Rébecca: Hakuna mugonjwa. Tusalimiane kwanza. Jambo, yaya. Mulilamuka?

Scholastique: Tulilamuka. Huku Aru iko baridi tu. Na ninyi Bunia?

Rébecca: Tuko. Bwana yangu anaosha pikipiki, batoto banakula. Yaya, niko na shida.

Scholastique: Nilijua! Telefone ya asubui, nilijua tu—

Rébecca: Shida ya kanisa.

Scholastique: Ya kanisa? Rébe, roho ilishaniruka bure. Sema.

Rébecca: Kesho mi ndiye natoa ushuhuda. Mbele ya batu bote!

Scholastique: Weye? Weye mwenye kujifichaka nyuma ya nguzo?

Rébecca: Juzi, kwa maombi ya bamama, tuliinua mikono, tukafunga macho. Na unajua namna Mama Kaswera anaombaka, anaanzia kwa Adamu. Usingizi ikanikamata—

Scholastique: Na mukono juu?

Rébecca: Na mukono juu! Maombi ikaisha, kila mutu akashusha yake. Kaswera akauliza, nani atashuhudia dimanche kanisani? Kufungua macho, bamama bote banapiga makofi. "Rébecca, Mungu akubariki!"

Scholastique: [anacheka] Wuuu! Mama yangu, mbavu!

Rébecca: Usicheke, unité inakwenda! Kaswera ni présidente ya bamama, alishaambia pasteri. Sasa niseme nini? Dimanche ilipita, Papa Delphin alishuhudia namna alianguka toka juu ya lori ya ndizi, akasimama, hata kofia haikutoka mu kichwa. Kanisa nzima balicheza. Kisha yeye, mi nisimame niseme mboga yangu ya sombe ilipikika muzuri?

Scholastique: Na kama ilipikika? Juzi maharagi yangu ilikuwa mugumu sawa mawe, na makala ilikuwa inaisha. Nikasema, Baba, ona. Ikaiva! Niliimba mpaka bajirani bakatoka inje.

Rébecca: Weye hata sabuni ikikosa kupotea mu mutoni, unasema ni Mungu.

Scholastique: Na ni nani mwingine? Unajua ule mutoni ya kwetu—

Rébecca: Yaya, nisikie. Niazime yako moja.

Scholastique: Yangu gani?

Rébecca: Ile ya radi.

Scholastique: Rébecca!

Rébecca: Hapa Bunia hakuna mutu anaijua! Radi ilipiga jikoni yako, na weye ulikuwa umetoka kufukuza mbuzi mu mboga. Ni muzuri sana ile! Kesho tu, kisha nakurudishia.

Scholastique: Utanirudishia muujiza! Na mbuzi utasema ni ya nani? Weye hata kuku ya kuazimisha huna.

Rébecca: Nina kuku! Mbuzi nitasema ilikuwa inapita tu.

Scholastique: Na jikoni? Bamama bote ba Bigo, mutaa yenu, banaijua jikoni yako, inasimama. Itabidi kwanza uichome mo—

Rébecca: Yaya! Usiseme moto.

Scholastique: Nisamehe. Ilitoka tu mu kinywa.

Rébecca: Haina neno, yaya. [simu inakwaruza] Basi kuja weye mwenyewe utoe yako. Gari za Aru zinafika kila siku sasa, barabara iko na amani kidogo. Weye utasema, mi nitaimba.

Scholastique: Bunia hapana.

Rébecca: Yaya—

Scholastique: Hapana, Rébecca. Siku nyumba ya mama ilichomwa mu vita, nilisema pale pale mu barabara: mi na hii muji, kwisha. Weye ukajenga tena mu kiwanja ile ile. Sawa, ni moyo wako. Mi siwezi kulamuka, nifungue mulango, nione mulango ya bale ba ng'ambo ya barabara.

Rébecca: Na yao iliungua.

Scholastique: Najua.

Rébecca: Yao siku ya mardi, yetu kesho yake, mercredi.

Scholastique: Najua, nilikuwa pale! Na batu yetu nao nilibaona namna balifanya. Sikusema siye ni bamalaika. Banakusalimiaka, bale ba ng'ambo?

Rébecca: Hapana. Tangu vita. Tukikutana mu njia na mama ya ile nyumba, mi naangalia kuku, yeye anaangalia mawingu.

Scholastique: Unaona sasa?

Rébecca: Mi naona kitu moja tu. Weye unaonaka muujiza kila pahali, yaya. Bunia tu ndiyo hapana.

Scholastique: Hiyo ni mane— [simu inakwaruza] —no ya kumuambia mukubwa wako?

Rébecca: Ngoja! Kuko mutu kwa mulango. Usikate! [mbali na simu] Ingia, haifungwe! ... Eh. Jambo, mama. ... Moto? Iko, iko, pita. Ile ndogo itakuzimikia mu njia, kamata makala mukubwa. ... Utaungua mikono! Twaa kitambaa yangu hii. ... Haya. Pole pole na ule upepo. [kwa simu] Haloo? Yaya, uko?

Scholastique: Niko. Nani ile?

Rébecca: Mutu ya kuomba moto. Mvua ililowesha mbabula yake ya makala. Sasa, tulikuwa kwa mbuzi—

Scholastique: Ile sauti ninaijua.

Rébecca: Yaya, unité—

Scholastique: Nani alikuja, Rébecca?

Rébecca: Charlotte.

Scholastique: Charlotte gani?

Rébecca: Charlotte ya ng'ambo.

Scholastique: [kimya ndefu]

Rébecca: Yaya? Haloo? Réseau inakatika?

Scholastique: Réseau iko. Aliingia mu nyumba?

Rébecca: Mpaka jikoni. Mi nilikuwa na simu mu sikio, sikufikiri kitu. Nilimuona tu na kifuniko ya sufuria mu mukono, sawa zamani, wakati mama alikuwa anamupatiaka. Nikamupa. Sasa ndiyo naona shimo mu mbabula, pale ile makala ilitoka. Angalia— eh, haunioni.

Scholastique: Kiberiti inauzwa kila kona. Na Denise si anakaa upande yake ya barabara, mulango kwa mulango? Denise hana moto?

Rébecca: Moshi ya Denise naiona toka hapa.

Scholastique: Akaiacha. Akavuka barabara.

Rébecca: Akavuka.

Scholastique: Akakuja kuomba moto. Kwetu, Rébe. Moto!

Rébecca: Usilie, yaya.

Scholastique: Silie, ni baridi ya Aru. Alisema nini?

Rébecca: "Mama, unisaidie moto." Ile tu. Kisha, kwa mulango, akasema pole pole, "Mama yenu hakuninyimaka." Akaenda bila kunitazama.

Scholastique: [anapenga kamasi] Kweli hakumunyimaka. Hata siku makala ilikuwa mbili, alimupa moja.

Rébecca: Alimupa moja, na siye tunanuna.

Scholastique: Na chai tunakunywa baridi! [wote wanacheka] Na weye, mupumbavu, unanipigia simu uazime mbuzi yangu!

Rébecca: Lakini yaya, kesho nisimame niseme jirani alikuja kuomba moto? Kaswera anataka lori, anataka radi. Yeye alitoka Butembo mwaka jana tu, hakuona vita yetu, hataelewa kitu. Batu batacheka!

Scholastique: Bale balikuwa hapa habatacheka.

Rébecca: Ulisema "hapa", yaya.

Scholastique: Nilisema nini?

Rébecca: Ulisema "hapa". Uko Aru, unasema Bunia ni "hapa".

Scholastique: Ni ulimi tu. Usikie, mbele ya kusimama kanisani, umuulize Charlotte kwanza. Ushuhuda ni yake pia. Kama anakubali, sema. Kama anakataa, funga kinywa, ushuhudie maharagi yangu. Ile nakuazima.

Rébecca: Nitamuuliza leo leo. Eh, telefone inalia, unité inakwi—

Scholastique: Ngoja! Haraka, nisikie. Siku nitafika—

Rébecca: Utafika wapi?

Scholastique: Bunia, wapi tena! Siku nitafika, usiwashe mbabula. Hata ukiniona natetemeka na njaa, uiache baridi. Unasikia? Mi mwenyewe nitakamata kifuniko ya sufuria, nivuke barabara, niende kumuomba mo—

Rébecca: Yaya! Unafika siku gani? Haloo? Yaya Schola? ... Osée! Osée, acha ile pikipiki! Kimbia utafute unité, yaya anarudi!